Chokaa, Si Saruji

Mkandarasi kaleta mifuko kumi ya saruji.
Aikande akaigeuzia mgongo.
Ukuta huu, akasema, ni udongo na mawe ya mtoni,
ukiuziba pua utaozea ndani.

Darasa la zamani, Kidia.
Masika ya mwaka huu hayakubisha hodi:
siku mbili yakamwaga ya mwezi mzima,
mfongo ukajaa tope, ukafurika,
lipu ikabanduka kama ganda la ndizi.

Chokaa ameilowesha pipani wiki tatu.
Anapaka taratibu, kiganja kikisikiliza.

Chini ya lipu ya kale, alama ya kidole,
kidogo, cha mtoto aliyeteka maji ya ujenzi.
Jina halikuandikwa popote.

Hakuifunika.
Kando yake akabonyeza cha kwake,
kisha akachukua jembe,
akapanda kuzibua mfongo.