Mfuko Uliorudi

Jumanne ni takataka za kuungua.
Alhamisi chupa, ila vifuniko vina siku yake,
na karatasi ya chapa ibanduliwe, gundi isuguliwe,
kila kitu na kaburi lake.
Leo mfuko wangu umerudi mlangoni
na stika nyekundu kifuani, kama mtoto
aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada.

Namjua aliyeurudisha.
Bi Kurosaki wa nyumba ya pili, miaka themanini na moja,
glavu nyeupe, ufagio mfupi,
saa kumi na mbili unusu yuko penye wavu wa kuzuia kunguru.
Haniambii kitu. Anainama.
Nami nainama.
Anainama tena, chini zaidi,
na mimi, futi sita na inchi tatu,
hata kwa kuinama nashindwa.

Mlango wa jikoni ulijengwa kwa ajili ya mtu mwingine.
Kila asubuhi unanikumbusha hapo juu ya nyusi,
kabla ya kahawa.

Jina langu ni Thorvaldson.
Fomu ya benki ilikuwa na visanduku vinane,
na karani, kijana mpole mwenye jasho puani,
alilivunja jina akaliunga upya: Sorubarudoson.
Mchonga mihuri akalipima, akaguna,
akabakiza Soru.
Basi mwenye akaunti ni Soru.
Kodi analipa yeye, umeme analipa yeye.
Sijawahi kukutana naye.

Watu wa hapa Uozu huniuliza, Kanada kuna baridi, sivyo?
Ipo, nasema, hasi thelathini na tano,
lakini kwetu baridi hukaa nje, hubisha, hunyimwa.
Hapa inaingia hadi chumbani,
tena ndiyo pekee isiyovua viatu.
Nalala na kofia. Mafuta ya kupikia yameganda kabatini.
Na zile ndara za chooni, ambazo ni za chooni tu!
Nilizivaa hadi sebuleni kwa mwalimu mkuu,
nikakaa nazo saa nzima, nikasifia chai.
Hakuna aliyesema neno.
Wote walitazama dirishani, kwenye theluji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi huu mwaka wa sita, jembe sijaliona.
Bado wananipigia makofi kwa kushika vijiti.
Bado, kwenye treni ya saa moja iliyojaa hadi milangoni,
kiti cha pembeni yangu kinabaki kitupu,
nami nimeweka mkoba wangu mapajani, nimejikunyata,
nakitazama kama sahani ambayo hakuna aliyeigusa.

Februari mama alifariki, Weyburn.
Kaka yangu Leland alishika mfuko mmoja mweusi
akawa anatia humo vyote kwa pamoja:
vidonge, kalenda, soksi, chupa za marashi,
miwani yenye mguu mmoja.
Alinikuta kwenye sinki la mama
na chupa ya jamu, nabandua chapa kwa ukucha.
Mwandiko wake ulikuwa pale. Mwaka. *Zambarau.*
"Unafanya nini?"
"Leo siku gani?" nikamuuliza.
Alinitazama muda mrefu.
Kisha akachukua chupa nyingine, akafungua bomba la maji ya moto.

Niliporudi, kijia kilikuwa kimefagiliwa theluji
mpaka mlangoni kwangu, upana wa ufagio mfupi,
na kizingitini kulikuwa na figili nyeupe ndefu,
imefungwa gazeti. Haikuwa na stika.
Nani alimwambia? Mimi sikumwambia mtu.
Labda mfuko ambao haukutoka wiki mbili ndio uliosema.

Nikaichukua figili kwa mikono miwili, nikaingia nayo jikoni,
mlango ukanigonga palepale,
nami nikauomba radhi.
Kwa Kijapani.
Hata sikuwaza.