Yadi Kumi na Tano, Mara Mbili

Kila anayepiga simu huanza na ukubwa.
Miaka ishirini na mmoja nimekalia kiti hiki,
sijampata hata mmoja aliyeanza na uzito.

Irja Kangas naye, Aprili, theluji bado imejikunyata
kwenye vivuli vya gereji za Ishpeming:
"Nataka kontena lile dogo kabisa.
Nyumba yenyewe ndogo. Mimi mwenyewe nimebaki mmoja."

Nikamuuliza, paa lina tabaka ngapi?
Kimya. Birika likaanza kulia nyuma yake.
"Paa ni paa," akasema. "Halivuji ila juu ya ngazi."

Sikiliza, Bi Irja. Usufi hujaza kanda, kanda likabaki jepesi.
Godoro, sofa, matawi ya mti, hayo ni ya yadi thelathini,
unarusha tu mpaka juu.
Kigae cha lami hakina tabia hiyo.
Kinalala bapa juu ya mwenzake, kimya kama mdeni,
na kontena likionekana bado nusu tupu
lori limekwisha kuinua magurudumu ya mbele.
Nimeyaona hayo Negaunee. Dereva wetu, Duane Ruona,
alishuka akicheka, halafu hakucheka tena.
Mwenye nyumba alimaliza Jumamosi yake kupakua kwa koleo
alichokipakia Ijumaa.

Kesho yake Marcy Villeneuve, fundi wa mapaa,
akapanda na mtaimbo mfupi,
akainua ukingo karibu na bomba la moshi,
akanipigia kutoka huko huko juu, upepo ukimla maneno.
Tatu, akasema. Tatu!

La kijivu: mwaka tisini na nane, Reino na mwanawe Wesley,
ambaye sasa yuko Arizona, hana haja ya koleo la theluji.
La kahawia: Reino peke yake,
kiangazi kile aliposimamishwa mgodini
na mikono ikawa haijui ikae wapi.
La kijani, chini kabisa: baba yake Reino,
misumari imepigwa kwa nyundo, mingine imepinda,
hakuna aliyejisumbua kuing'oa.
Kila mmoja alikuta paa limechoka, akalifunika.
Ilikuwa nafuu. Kontena halikuhitajika.

Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha:
miraba ishirini na miwili, mara tatu,
kila mraba kilo mia na kumi na ushei.
Zaidi ya tani saba
juu ya kitanda cha mwanamke mmoja.

"Basi nipe yadi thelathini," akasema, sauti imemwishia.
La. Hilo litayameza yote,
na hatuna lori la kuliinua.
Yadi kumi na tano. Mara mbili.
Ulikaribia, Bi Irja: dogo ndilo hasa,
ila dogo linaloondoka na kurudi tupu.

Akauliza jambo moja tu. Magurudumu ya chuma,
hayatapasua saruji ya uani?
Reino aliimwaga mwenyewe. Pembeni kuna unyayo wa mbwa,
Pekka, aliyepita kabla haijakauka.
Nikaandika kwenye fomu kwa herufi kubwa: MBAO.

Alhamisi ya pili, mizani ya jaa ikatema risiti.
Sikuwa nimemaliza kuisoma, akapiga.
"Ngapi?"
Tani saba, kilo mia mbili na arobaini.
Kimya tena, safari hii bila birika.
"Miaka hamsini na mmoja nimelala chini yake," akasema.
"Usiku darini palikuwa pakilia.
Nilikuwa nikitega panya."

Sikujua la kujibu. Nikamwambia hana deni,
hakuzidisha uzito,
na Marcy apitishe sumaku majanini kwa ajili ya misumari.

Jioni Duane alirudisha mbao,
zimebonyea mistari miwili, mmoja umezama zaidi.
Akaziegemeza ukutani, akavua glavu.
"Unyayo wa mbwa upo," akasema. "Niliukwepa."