Kufuli Mbili

Mfadhili anataka namba kabla ya Ijumaa.
Wangapi wamehudhuria, wanawake wangapi,
vijana wangapi walio chini ya miaka thelathini,
na kuaminiana kumepanda kwa asilimia ngapi
tangu tulipopima mwezi wa tisa.

Nimekaa jikoni kwa mama, Bonde la Fergana,
miguu karibu na jiko la makaa,
kompyuta juu ya gunia la aprikoti kavu.
Naandika: mikutano sita.
Naandika: washiriki mia moja na kumi na wawili.
Siandiki kwamba katika mkutano wa kwanza
Wakirgizi waliketi upande wa dirisha,
Watajiki upande wa mlango,
na katikati zikabaki meza tatu
ambazo hata chai haikuthubutu kuzivuka.

Chai yenyewe imekataliwa.
"Mkate na sukari si gharama halali ya mradi."
Risiti zile nimezilipa kwa mshahara wangu.
Huku kwetu asiyemega mkate nawe
hajaja; kilichokuja ni koti lake.

Kilichokubaliwa ni chuma:
lango jipya la mfereji, na kufuli mbili.
Ufunguo mmoja kwa Satybaldy wa kijiji cha juu,
fundi wa kuchomelea vyuma
aliyechomewa karakana na vyote vilivyomo.
Wa pili kwa Mahfirat wa kijiji cha chini,
aliyefundisha hesabu miaka ishirini na minne
na kumzika mpwawe wiki ile ile.
Lango halifunguki mpaka wafike wote wawili.
Jumatatu na Alhamisi, maji ya juu.
Jumanne na Ijumaa, maji ya chini.
Jedwali nililipaka rangi. Makao makuu wakalisifu.

Wakawa wanakuja, wanafungua, wanaondoka.
Msimu mzima hawakuamkiana.
Satybaldy alitazama milima,
Mahfirat alihesabu mizunguko ya gurudumu kwa sauti,
moja, mbili, tatu, hadi kumi na saba,
basi.

Halafu usiku mmoja wa Jumapili, mwezi wa tatu,
siku isiyo ya mtu kwenye jedwali,
simu ikalia saa nane: maji yanashuka!
Vijana wa juu wameshika majembe.
Niliendesha gari nimevaa viatu visivyolingana,
kichwani natunga barua
ya kusimamisha mradi.

Langoni niliwakuta wawili.
Satybaldy akanikabidhi taa bila salamu.
Mabomba ya chini yamepasuka kwa baridi,
mama mkwe wa Mahfirat amekata roho baada ya isha,
na maji ya kumwosha hakuna.
Alikuwa amepanda kilima kwa miguu,
akagonga geti asilowahi kuligonga.
Walisemezana nini, sijui.
Niliona tu mama yule akizungusha gurudumu,
na safari hii aliyehesabu kwa sauti ni Satybaldy,
kwa Kitajiki cha kuokoteza:
moja, mbili, tatu...
akakosea kwenye tisa.
Mwalimu akamsahihisha.

Vijana wa majembe walifika, wakasimama.
Mmoja akavua kofia.
Mwingine akatema mate, akarudi kulala.

Ripoti ina safu iitwayo Ukiukaji wa Ratiba.
Nilitafuta safu nyingine, sikuipata.
Nikaandika humo: mmoja.

Wiki iliyofuata dirisha la shule lilipigwa jiwe.
Hilo nalo nimeliandika.
Kioo hakimo kwenye bajeti.

Leo jibu limekuja, lenye adabu zake:
ukiukaji ule umeshughulikiwaje,
na je, kuna picha?

Hakuna picha.
Kulikuwa na giza,
na mimi ndiye niliyeshika taa.