Saba Nukta Mbili

Damu ya Mwajabu Kiondo, wa Pongwe,
mimba ya miezi saba,
imesoma saba nukta mbili.
Nikaandika kwa wino mwekundu, nikapiga mstari,
umeme ukakatika.
Jenereta la Bombo lina adabu zake:
hukohoa kwanza, hufikiri, ndipo liwake.

Nikatoka barazani, kichupa mkononi,
kingali na joto lake.
Ngamiani kiza, Chumbageni kiza,
hata taa za bandari.
Na juu, ile halaiki.

Mimi sikusomea nyota, nilisomea damu na choo.
Lakini hili nalijua:
nyota huanza kwa vumbi na baridi,
wingu likajikunja, likajibana
hata moyo ukashika moto.
Tangu hapo umri wake wote ni ugomvi mmoja,
uzito ukivuta ndani, moto ukisukuma nje,
hakuna anayeshinda,
na sare hiyo ndiyo nuru.

Nyingine hufa kimya. Jua letu, kwa mfano,
litavimba, litavua maganda,
libaki kaa dogo jeupe linalopoa bila matanga.
Ila zile kubwa zina uroho.
Haidrojeni ikiisha hula heliamu,
kisha kaboni, kisha oksijeni,
kama mpishi aliyeishiwa kuni
akachoma mlango, akachoma dirisha,
akachoma kitanda anacholalia,
mpaka afike kwenye chuma.

Chuma hakiwaki.

Moyo huporomoka kufumba na kufumbua,
mwili ukapasuka,
na kilichoiua nyota kikatapakaa
kumtafuta wa kumfaa.

Ile nyekundu begani mwa Jabari
imevimba kama miguu ya Mwajabu.

Mama alipopika mkate wa kumimina
alitia hiliki, akafunika, akaniachia nilinde.
Nikachungulia: punje zilizokuwa jirani
zimeachana.
Hazikutembea. Uji ndio ulioumuka kati yao,
na kila punje, ungeiuliza,
ingeapa kuwa yenyewe ndiyo katikati
na wenzake ndio wanaomkimbia.
Nilipigwa kwa kufunua.
Leo naufunua tena mfuniko ule ule
na hakuna wa kunipiga;
Mama yuko Msambweni, chini ya mchanga,
na ndugu zangu, sina hata namba zao zote.
Iko siku, wanasema, mbali sana,
atakayetazama juu hataona mwanga wa jirani
wala kujua kwamba palikuwa na jirani.

Jenereta likakohoa.

Nikaingia wodini na vidonge vyake.
Akavinusa. "Mbona vinanuka kutu?"
Nilikuwa na maneno mengi, marefu,
ya miaka mabilioni.
Mtoto akapiga teke, shuka likainuka, likashuka.
"Meza kwa chungwa," nikamwambia,
"usimeze kwa chai."