Herufi Mbili

Waliniletea kadi yenye ukingo wa dhahabu:
Miaka mia ya Lazaro Ndeti. Makumbusho, saa kumi.
Baadaye mchezo, ukumbi wa chini. Kuingia bure.
Jina langu wameliandika kwa mkono, wakalikosea:
Kageya badala ya Kageha.
Nikacheka. Hata makosa yana warithi.

Julai. Baridi ya Nairobi inauma masikio.
Nimevaa koti la marehemu dada yangu
na viatu ambavyo havijanizoea.

Ndani, mashine ya taipu imefungiwa kiooni.
Mashine aliyoitumia mwandishi, kibao kinasema.
Lazaro! Asiyeweza kupiga taipu hata jina lake!
Alikuwa akipanda ngazi zetu pale River Road,
juu ya fundi viatu, harufu ya gundi ikimfuata,
anamwaga mezani daftari za hesabu,
mwandiko kama siafu waliomwagiwa maji ya moto:
"Dada, kwa Ijumaa."
Shilingi moja na nusu kwa ukurasa.
Mara nyingine deni.

Ile A iliyovunjika mguu naijua.
Nikainama niione.
Askari akasema, kwa upole, "Mama, usiguse kioo."
Sikugusa. Vidole tu vilikuwa vinacheza hewani.

Kisha taa zikazimwa.
Kitabu kizima wamekikunja kikatosha saa moja na nusu,
kama godoro linavyolazimishwa kuingia gunia.
Harusi wameikata. Mjomba mlevi
wamemgawa kwa waigizaji wawili, mmoja wa mchana, mmoja wa usiku.
Sawa. Mimi nilikichapa mara tatu, sikulalamika.

Naserian, binti mwembamba mwenye sauti ya chuma,
anakuja mbele peke yake.
Najua mstari unaokuja. Ukumbi mzima unajua.
Wanafunzi walioukariri kwa ajili ya mtihani
wanafungua midomo pamoja naye,
nami nafungua wangu wenye mapengo mawili:

Mji huu una meno.

Makofi. Nyuma yangu mtu anapiga mluzi.
Mstari huo uko kwenye fulana pale mlangoni, shilingi mia nane.
Profesa mmoja ameuandikia kurasa arobaini:
meno ya njaa, meno ya kodi, meno ya ghorofa.

Daftari lilisema maneno.
Mji huu una maneno.
Yaani umbeya. Yaani usitoe siri yako kwenye ngazi.
Ilikuwa saa mbili usiku, umeme umekatika ukarudi,
mtoto wangu ana homa kule Kaloleni,
macho yangu mazito kama vifuniko vya sufuria,
na herufi mbili zikadondoka, zikaenda zao.

Aliporudi, kidole chake kilisimama hapo hapo.
Nikaanza kuhesabu atakachonikata.
Akatazama dirishani. Chini, askari wa jiji
walikuwa wanakanyaga nyanya za mama mmoja, moja moja,
bila haraka, kama wanaokamilisha hesabu.
Akarudi kwenye karatasi.
"Umepiga nini hapa, dada?"
"Samahani. Nitafuta."
"Ukifuta, sikulipi."

Mchezo umekwisha. Kipaza sauti kinazunguka:
aliyemjua marehemu aseme neno.
Kinapita kwa mpwa wake, kwa mchapishaji,
kwa mzee anayedai walikunywa chai pamoja kila Jumapili,
kisha, sijui nani amenisonta,
kinatua mapajani mwangu, kizito, kina joto la mikono ya watu.

Ningesema. Nilikuwa nayo yote mdomoni.
Nikasema, "Alikuwa akilipa."
Wakacheka. Wakapiga makofi, wakidhani ni utani,
na Naserian, bado amevaa nguo za jukwaani,
akanitazama muda mrefu kidogo kuliko adabu.

Mlangoni nilinunua fulana, mia nane,
sikuomba punguzo.
Ni kubwa. Nitakuwa nailalia.