Jiwe Jepesi

Nimeokota mawe tangu nina miaka saba,
nyuma ya trekta la baba, kusini mwa Saskatuni,
kila theluji ilipoyeyuka na shamba likatoa meno.
Mawe ya kwetu mazito, yamefumba, hayana tundu;
mvua huyapita kama mgeni aliyenyimwa mlango.
Tuliyarundika pembezoni mwa ngano.
Hakuna aliyewahi kuuliza bei.

Leo nalipa dola kumi na mbili kwa kilo,
na Lorne Desjarlais, muuza samaki, ananicheka dukani kwake:
"Wasylyk, unapima kama mkulima. Rudisha hilo.
Hapa jiwe zito ndilo duni.
Tafuta lililo jepesi kuliko umbo lake,
lililoliwa ndani, lenye vichochoro.
Wapangaji wako hawakai juu ya jiwe. Wanakaa ndani."

Nikachagua manne, makavu, meupe kama mifupa iliyosahaulika uani.
Yale hai ya kwenye beseni, yenye zambarau na ndevu,
niliyaogopa: bei, na wadudu waliojibanza mle.
Nikiwa mlangoni akanitupia la tano,
dogo kama ngumi ya mtoto, limelowa, limeviringishwa gazetini.
"Hilo bure. Hamira."

Sijaona bahari. Kutoka hapa ni siku mbili kwa gari,
na kila mwaka mavuno yalikuwa na neno lake.
Basi nikaikoroga mwenyewe, chini ya nyumba, kwa mwiko wa rangi,
chumvi ndooni, kipimo mkononi,
nje baridi nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri
na bomba likigugumia ukutani.
Mawe yakaanguka mara mbili. Mara ya tatu yakashikana,
nikaacha upenyo kila upande, maji yapite, yasilale.

Kisha nikatia kamba mmoja wa dukani, mfu, aoze.
Halyna, miaka tisa, alikuwa ameshawapa samaki majina.
Akaziba pua, akatazama maji matupu, jiwe, maji.
"Baba, mbona tunafuga maji?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na vichupa vitatu.
Amonia: kijani kibichi, kibichi zaidi, kijani cha kutisha.
Siku ya kumi na moja nitriti ikapanda, urujuani wa jeraha.
Niliandika kwa penseli juu ya kalenda ya chama cha wakulima,
palipokuwa pakiandikwa mvua na bei ya ngano,
na kila jioni nilishuka na tochi kutazama
kazi ya vibarua nisiowaona, nisiowalipa,
wanaokula sumu wakatema sumu nyingine,
na wengine nyuma yao wakaila hiyo.

Wiki ya nne, usiku: *tak.*
Nikaruka kitandani. Kioo kimepasuka!
Nikashuka na taulo, na ndoo, na moyo mkononi.
Sakafu kavu. Nikapapasa kila pembe ya tangi, kila mshono wa gundi.
*Tak.*
Ndani. Katika lile jiwe la bure.

Tochi ikamkuta mlangoni pa tundu lake:
kamba mdogo kuliko punje ya shayiri,
kucha moja kubwa kama ya kuazima,
akiufyatua tena mbele ya uso wangu.
Amonia yote ile alikuwa mle. Sumu yangu yote.
Na mimi juu, nikihesabu rangi,
nikiandika kila siku: *hakuna kitu bado.*

Kwetu anayepiga hodi huwa yuko nje.

Asubuhi nitampigia Lorne anifokee au anicheke.
Halyna nitamwamsha saa moja, kabla ya basi la shule.
Sasa nimeketi kwenye ngazi, tochi nimeizima,
miguu inaniganda,
namsubiri abishe tena.