Mlalo wa Kumi na Moja

Tukuyu mvua haiulizi saa.
Nimekuja kuchukua suruali, nimepewa kigoda,
kwa sababu fundi Ambakisye anasema, "Bado vifungo,"
na kwake vifungo ni neno la siku mbili.

Kwenye msumari, juu ya cherehani,
zinaning'inia karatasi zake za kukatia,
magazeti ya zamani yaliyogeuzwa migongo, kola, mapaja ya watu.
Nachomoa mkono wa kushoto wa nani sijui.
Pale kwenye kiwiko pana chemshabongo,
miraba mitupu, haijaonja wino,
na juu yake: Makundi ya Wanyama.

Naomba kalamu. Ananipa chaki ya bluu.

Mlalo wa tatu: nyuki, herufi tano.
Hili nalijua tangu lilipotua kwenye mlimau wa baba mkwe,
jeusi, zito, likipumua kama tumbo la mtu aliyelala,
na harusi nzima ikahamia kwa jirani na masufuria yake.
Bumba.

Mlalo wa tisa: nzige, herufi tano.
Sijawahi kuwaona. Bibi aliwaona mara moja,
alisema mchana ulizimwa
na shamba likatafunwa kwa sauti, kama mbuga inayoungua.
Wingu.
Natazama nje. Hapa kwetu wingu ni wingu tu,
linashuka kutoka Rungwe, linakalia migomba, halili kitu.

Wima wa pili ndio ulionisumbua. Samaki, herufi tano.
Nikaandika kundi, kama kila mvivu:
kundi la ng'ombe, kundi la mbuzi, kundi la wanakwaya,
neno kama koti la mtumba,
linamwenea kila mtu, halimpendezi yeyote.
I yake ya mwisho ikapatana na wingu,
lakini katikati bumba lilishaweka M,
na nyuki hawasogei.

"Mtungo," akasema Sekela muuza samaki,
aliyekuwa amejibanza mlangoni na beseni.
Tukahesabu kwa vidole. Sita.
"Hata zingekuwa tano," fundi akasema, macho kwenye sindano,
"mtungo ni wa waliokwisha kufa.
Anayeulizwa hapo bado anaogelea."
Sekela akawatazama mbasa wake wa Kyela,
ukindu umepita mdomo kwa mdomo.
"Kweli," akasema. "Tangu utoto nawajua,
na siku zote nakutana nao baada ya msiba."

Ndipo Ikupa wa darasa la tano,
anayesubiri sketi, soksi zimelowa,
akasema polepole, kama anamwambia ukuta:
"Numbi."
Nani kakufundisha?
"Nililikosa kwenye mtihani."

Nikafuta kundi kwa kidole chenye mate.
Numbi ikashuka, ikapita kwenye M ya nyuki,
ikatua kwenye I ya nzige,
na sote wanne tukashusha pumzi
kana kwamba kuna aliyelipwa deni.

Ukabaki mlalo wa kumi na moja.
Miraba sita, na swali lenyewe: Kundi la
halafu kwapa. Mkasi ulipita hapo.
"Umekata wanyama gani?" nikamuuliza.
"Nimekata saizi arobaini na mbili."

Ikupa akasema huenda ni fisi.
Sekela akasema huenda ni madiwani.
Akaingia mtu na ndama, bila hodi,
ndama akajikung'uta, mitungo ikapata mvua ya pili,
hakuna aliyegomba. Bati lilikuwa linapiga kelele mno.
Nikatuhesabu. Nikaitazama ile miraba sita.
Sikuandika kitu.

Fundi akaninyang'anya karatasi,
akailaza juu ya kitambaa cha kijivu, uso chini,
akabana pini, akakandamiza kwa kiganja.
Alipoiinua, nyuki walikuwa wamebaki kwenye kitambaa,
bluu, kinyumenyume, upande wa ndani.
Kuna mtu atawavaa hadi wafuliwe.

Vifungo vyangu bado.